Muhumuza: Kiongozi wa mpakani aliyegeuzwa mchawi

KIGALI. Anayesafiri kwa basi la usiku kutoka Kampala kuja Kigali, au anayengoja mizigo yake ikaguliwe Gatuna huku ameketi kwenye mgahawa wenye televisheni, hakosi kumfahamu mwanamke huyu. Ni mzee, anaishi peke yake mlimani au ukingoni mwa kijiji. Macho yake ni mekundu na sauti yake ni nyembamba, tena ya kutetemeka. Akitokea kwenye sinema ya Nigeria, ya Bongo au ya Marekani iliyofanywa agasobanuye, mtazamaji hahitaji kuelezwa. Huyo ni mchawi, na kabla sinema haijaisha atakuwa ameteketea kwa moto, amepigwa radi au ameangushwa na maombi ya mchungaji.

Sinema za kutisha huishi kwa wahusika wa aina hii, wale wanaorudi tena na tena wakiwa wamebadilishwa mavazi tu. Yupo binti mrembo ambaye kumbe ni nyoka, kama yule wa Nneka the Pretty Serpent, sinema ya Nigeria ya mwaka 1994. Yupo jini wa kike, kama yule wa Shumileta ya Mtanzania Mussa Banzi. Yupo msomi anayecheka mambo ya mizimu na kufa wa kwanza. Upo umati wa wanakijiji wanaodanganyika kirahisi na kufuata ngoma popote inakolia. Kisha yuko mkombozi, padri au askari, anayefika dakika ya mwisho.

Zaidi ya miaka 110 iliyopita, katika milima ambayo wafanyabiashara wetu huivuka kila siku kati ya Gicumbi na Kabale, aliishi mwanamke ambaye maisha yake yangeweza kuchukuliwa kuwa ndiyo sinema hiyo yenyewe. Alikuwa na mlima, pango, ngoma takatifu, mzimu aliousemea na maelfu ya watu waliomfuata. Aliitwa Muhumuza. Serikali za wakati huo zilimwandika kuwa mchawi, na hukumu hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani kwake asirudi tena. Ukiyafuata maisha yake kwa utaratibu, unakuta kitu ambacho sinema hukificha: mwanamke aliyedai haki ya kiti cha enzi, na wananchi waliokuwa na sababu nzito za kumfuata.

Mjane aliyekimbilia kaskazini

Mwaka 1895 Mfalme Kigeli IV Rwabugiri, aliyeipanua Rwanda kwa vita kuliko watangulizi wake wengi, alifariki akiwa safarini upande wa Ziwa Kivu. Alikuwa amemwandaa mwanawe Rutarindwa kumrithi, akatawazwa kwa jina la Mibambwe IV. Lakini kwa kuwa mama mzazi wa Rutarindwa alikwisha kufa, mke mwingine wa Rwabugiri, Kanjogera, ndiye aliyewekwa kuwa malkia mama. Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe na alikuwa na kaka zake wenye nguvu, Kabare na Ruhinankiko.

Mwishoni mwa 1896 huko Rucunshu, upande wa Kanjogera uliushambulia upande wa Rutarindwa. Mfalme kijana akafa na wengi wa ukoo wake, nyumba ikiteketea. Mtoto wa Kanjogera akawekwa kwenye kiti kwa jina la Yuhi V Musinga. Baada ya hapo waliohesabiwa kuwa watu wa mfalme aliyeuawa waliwindwa, na waliobahatika kuponyoka walitafuta mahali ambapo mkono wa ikulu haukufika.

Mahali hapo palikuwa kaskazini. Ndorwa na Mpororo ni nchi ya milima mirefu na mabonde yenye mafunjo, ambako Wakiga waliishi kwa koo zao bila mfalme mmoja, na ambako majeshi ya Rwanda yalikuja, yakachukua ng'ombe na kuondoka. Huko ndiko alikotokea Muhumuza. Alijitambulisha kuwa mjane wa Rwabugiri na mama wa mrithi halali aliyenyang'anywa kiti. Kwa watu wa kaskazini waliouchukia utawala wa Kanjogera na kaka zake, dai hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Lilimaanisha kwamba Musinga alikuwa mfalme wa kupora, na kwamba kuna mwingine anayengojwa.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Muhumuza ni mfariji, mtu anayetuliza na kupumzisha. Hadi leo ni jina la kawaida magharibi mwa Uganda, na wanaume wengi wanaitwa hivyo bila mtu kushtuka.

Nyabingi, mwenye vingi

Nguvu ya pili ya Muhumuza ilikuwa Nyabingi. Kabla yake, kwa vizazi kadhaa, watu wa Ndorwa, Kigezi, Karagwe na kaskazini mwa Rwanda walimwendea mzimu wa kike wa jina hilo. Masimulizi ya asili yake ni mengi. Wengine husema alikuwa malkia aliyeuawa na mumewe na roho yake ikakataa kutulia. Jina lake kila anayejua lugha za huku analielewa: ni mwenye vingi, mwenye wingi wa mali na baraka.

Nyabingi alisema kupitia watumishi wake, waliojulikana kama abagirwa, wanaume na wanawake. Mtu aliyekosa mtoto, aliyefiwa na ng'ombe au aliyeonewa na mkubwa alimwendea mugirwa akiwa na mbuzi, pombe au jembe. Mugirwa alizungumza kwa sauti iliyobadilika, nyembamba na ya kutetemeka, ili ijulikane kuwa anayesema si yeye. Hapo ndipo ilipo asili ya kweli ya ile sauti ambayo sinema huitumia kutisha. Kwa waliokwenda pale haikuwa ishara ya shari. Ilikuwa dalili kwamba shauri lao limepokelewa.

Kwa mwanamke, huduma hiyo ilikuwa na maana zaidi. Katika nchi ambayo ardhi na ng'ombe vilikuwa mikononi mwa wanaume, mugirwa wa kike aliweza kumiliki mali, kupokea heshima na kuwaamuru wanaume. Hakutegemea mume wala kaka. Wazee wa koo waliliona jambo hilo, na ikulu ya Rwanda nayo iliona kwamba kuna mamlaka kaskazini isiyotoka kwake. Nyabingi alikuwa tatizo la kisiasa kabla Mzungu yeyote hajafika.

Muhumuza aliunganisha mambo mawili ambayo kabla yake hayakuwa pamoja: dai la kiti cha enzi na sauti ya Nyabingi. Aliyekuwa na kinyongo na ikulu alikuja kwa ajili ya la kwanza, na aliyekuwa na shida yake binafsi alikuja kwa ajili ya la pili.

Kizuizini Bukoba

Wajerumani waliitawala Rwanda kupitia kwa mfalme. Mwaka 1907 Dakta Richard Kandt, tabibu aliyekuja kwanza kutafuta chanzo cha Mto Nile, alifanywa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani na kuanzisha makao yake katika kilima cha Nyarugenge. Hapo ndipo Kigali ilipoanzia, na nyumba inayokumbusha jina lake sasa ni jumba la makumbusho. Siasa ya Kandt ilikuwa rahisi: kumlinda Musinga ili Musinga aitii Berlin. Anayesema kwamba Musinga si mfalme halali alikuwa anaugusa msingi wa utawala mzima.

Karibu na mwaka 1909 Wajerumani walimkamata Muhumuza na kumpeleka Bukoba, ng'ambo ya Karagwe, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Alikaa kizuizini takriban miaka 2. Alipoachiliwa, mwaka 1911, alirejea milimani akiwa na jina kubwa kuliko alivyoondoka. Kwa waliomsubiri, kutoka salama mikononi mwa Wajerumani kulikuwa ushahidi kwamba Nyabingi hafungiki.

Alirudi katika nchi iliyokuwa inapimwa kwa kamba. Mei 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikubaliana mjini Brussels jinsi ya kugawana eneo hili. Mwaka 1911 tume ya mipaka ilikuwa uwanjani ikipanda kilima kimoja baada ya kingine na kuweka alama. Bufumbira, ambako leo ni Kisoro, ikaenda kwa Waingereza pamoja na Kigezi. Ndorwa ikakatwa vipande. Wananchi wa vilima hivyo hawakuulizwa. Waliona wageni watatu wakibishana juu ya mashamba yao, na kila mmoja akidai chakula na wapagazi.

Huo ndio umati uliomfuata Muhumuza. Katika sinema, umati hauna sababu. Hufuata ngoma kwa sababu ni mjinga. Watu wa Kigezi wa mwaka 1911 walikuwa na sababu zinazoeleweka na mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuona kituo cha mpakani kikifungwa asubuhi moja bila taarifa.

Pango la Ihanga

Muhumuza alitangaza kwamba atakwenda kilima cha Ihanga, ndani ya pango, ambako ngoma takatifu ya ufalme ilifichwa ikimngoja mfalme wa kweli. Ngoma ikipatikana, ng'ombe wangetoka ardhini na mtoto wake angetawala. Kwa Mnyarwanda wa wakati huo maana ilikuwa wazi, kwa sababu ngoma ndiyo ilikuwa ufalme wenyewe. Mwenye Kalinga ndiye mfalme, na kusema kuna ngoma nyingine pangoni ni kusema ikulu ya Nyanza haina haki. Lilikuwa tamko la kisiasa kwa lugha ambayo kila mkulima aliielewa. Aliahidi pia kuwafukuza Wazungu, na wafuasi wake waliamini kwamba risasi zao hazitafanya kazi.

Muhumuza hakuwa malaika. Wakuu wa vilima waliokataa kumtii walivamiwa, nyumba zao zikachomwa, ng'ombe na vyakula vyao vikachukuliwa. Wakulima waliojikuta katikati walilipa pande zote mbili, kama wakulima walivyolipa katika vita vya Rwabugiri kabla yake. Alitumia njia ambazo watafuta-kiti wote wa zama zake walitumia. Tofauti ni kwamba mwanamume aliyefanya hivyo aliandikwa kuwa mwasi au mtemi, na yeye akaandikwa kuwa mchawi.

Mwishoni mwa Septemba 1911 kikosi cha Waingereza, kikiwa na askari Waafrika na wasaidizi wa Kiganda, kilimshambulia Ihanga. Wafuasi wake walipigana kwa saa kadhaa na makumi wakafa. Muhumuza mwenyewe alipigwa risasi ya mguu, akakamatwa akiwa hai. Alipelekwa Mbarara na kisha Kampala.

Haikuishia hapo. Miezi michache baadaye, upande wa Rwanda wa mpaka mpya, alitokea kijana aliyeitwa Ndungutse akidai kuwa mrithi halali, na wengi walimhesabu kuwa ni mwana wa Muhumuza. Aliahidi kuwaondolea wakulima kazi za kulazimishwa. Alijiunga naye Basebya, kiongozi wa Watwa aliyeyajua mabwawa ya kaskazini kuliko askari yeyote. Aprili 1912 Luteni Gudowius, aliyekuwa akishika nafasi ya Kandt, aliongoza msafara ulioivunja harakati hiyo kwa moto na bunduki. Nyumba na mashamba vikateketezwa. Mwezi uliofuata Basebya alikamatwa kwa hila na kuuawa.

Kwa hiyo ndani ya miezi isiyozidi 8, Waingereza upande mmoja na Wajerumani upande wa pili waliizima harakati moja ya familia moja, na mstari waliouchora kati yao ukasimama.

Sheria ya mwaka 1912

Baada ya Ihanga, maafisa wa Uganda walikuwa na shida ya kisheria. Watumishi wa Nyabingi walikuwa wengi, walihama kutoka kilima hadi kilima, na wengi wao hawakushika silaha. Kuwashitaki kwa uasi kulihitaji ushahidi. Mwaka 1912 ikapitishwa sheria ya uchawi, na Kigezi ikawa mahali ilipotumiwa kwa nguvu. Mtu aliweza kufungwa kwa kuwa mugirwa tu. Hakukuwa na haja tena ya kuthibitisha kwamba aliua au aliiba.

Hatua hiyo ilikuwa na matokeo mengine. Maadamu shauri ni la uchawi, hakuna anayeuliza kuhusu kodi, kazi za shuruti au mawakala wa Kiganda waliowekwa kuwatawala Wakiga kwa lugha isiyo yao. Agosti 1917 watu wa Nyakishenyi waliushambulia utawala wa wakala wao na kuua watu wengi. Mwaka 1919 aliuawa Ntokibiri, mpiganaji mwingine aliyehusishwa na Nyabingi. Mwaka 1928 ghasia zikazuka tena pande zote mbili za mpaka. Kila mara ripoti zilitaja uchawi kwanza, na malalamiko yakaja mwishoni au yasije kabisa.

Gagool na ndugu zake

Maafisa hao hawakulibuni wazo la mchawi wa Kiafrika wakiwa Kigezi. Walikuja nalo. Mwaka 1885 Mwingereza H. Rider Haggard, aliyewahi kufanya kazi serikalini Afrika Kusini, alitoa riwaya ya King Solomon's Mines. Ndani yake yumo Gagool, bibi kizee aliyekunjamana, mshauri wa mfalme katili, anayenusa watu na kuwatoa wauawe, na ambaye mwisho anasagwa na mlango wa jiwe ndani ya pango la hazina. Kitabu kilisomwa mno Uingereza, na kizazi cha vijana waliokuja kuwa maafisa wa makoloni kilikua nacho.

Riwaya hiyo ilifanywa sinema mara kadhaa. Watengenezaji wa ile ya mwaka 1950 walileta kamera zao Afrika Mashariki na Kongo, wakawarekodi hata wacheza ngoma wa Rwanda na kuwaonyesha dunia nzima kama sehemu ya hadithi ya Haggard. Nchi ya Muhumuza ikawa mandhari ya hadithi iliyombuni Gagool.

Haiti ilipata bahati kama hiyo. Marekani iliikalia nchi hiyo kijeshi tangu 1915 hadi 1934. Katikati ya ukaliaji huo, mwaka 1929, Mmarekani William Seabrook alitoa kitabu cha safari kilichosimulia habari za wafu wanaotembea, na mwaka 1932 ikatoka sinema ya White Zombie. Tangu hapo dini ya Wahaiti imekuwa ghala la kutishia watu sinemani. Mkulima wa Haiti aliyelalamikia kazi za shuruti chini ya askari wa Marekani hakuwa na nafasi katika hadithi hiyo.

Linganisha pia na jirani zetu wa mashariki. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji na kuwaaminisha kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga na kumwita mchawi. Baada ya uhuru, Tanzania ilimrejeshea heshima yake. Ebrahim Hussein alimwandikia tamthilia iliyochapishwa 1969, na watoto wa shule wakamsoma kama mtu mwenye mawazo, hofu na mipango. Ahadi ilikuwa ile ile, adui yule yule, na miaka iliyowatenganisha ni michache. Muhumuza hajapata jukwaa la namna hiyo katika kumbukumbu za kawaida za watu, ingawa wanahistoria wanamfahamu vizuri.

Wala hatuwezi kuwalaumu wageni peke yao. Kanjogera, hasimu wa Muhumuza, anakumbukwa hapa Rwanda kwa hadithi za upanga na damu ambazo zinafaa sinema ya kutisha kuliko kitabu cha historia. Kaka yake Kabare, aliyepanga Rucunshu pamoja naye, anasimuliwa kama mwanasiasa mwerevu. Tunao wenyewe mzani unaompima mwanamke mwenye madaraka kwa uzito mwingine.

Miaka 34 Kampala

Muhumuza hakurudishwa nyumbani. Aliishi Kampala chini ya uangalizi wa serikali tangu 1911 hadi kufa kwake mwaka 1945. Ni miaka 34, mirefu kuliko muda wote alioonekana hadharani kama kiongozi.

Katika miaka hiyo dunia aliyoipinga ilibadilika bila yeye. Wajerumani waliondolewa Rwanda mwaka 1916, Wabelgiji wakashika nafasi yao. Mpaka ulibaki pale pale. Mwaka 1931 Wabelgiji walimvua Musinga ufalme na kumpeleka Kamembe pamoja na mama yake. Kanjogera akafa mwaka 1933. Musinga alihamishiwa Moba, Kongo, akafia huko mwaka 1944. Mfalme aliyelindwa na Wazungu dhidi ya Muhumuza alikufa uhamishoni mwaka mmoja tu kabla yake.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 uamsho wa Kikristo ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, ukavuka hadi Kabale na kuenea Afrika Mashariki yote. Waliookoka waliachana na Nyabingi hadharani. Ndipo mchungaji alipoingia mahali pa askari kama mshindi wa hadithi, na ndivyo tunavyomwona kwenye sinema mpaka leo. Imani ya mtu ni yake, na wengi wa waliobadilika walifanya hivyo kwa moyo wao. Lakini kadiri ilivyosimuliwa upya, sehemu ya Nyabingi iliyohusu kodi na ardhi ilizidi kufifia na iliyobaki ni ya mapepo.

Ng'ambo ya bahari jina lilichukua njia nyingine. Huko Jamaika, Rastafari walilisikia katika miaka ya 1930 likiwa jina la upinzani wa Waafrika dhidi ya wakoloni. Mpaka sasa ngoma zao za ibada na moja ya jumuiya zao kongwe huitwa Nyabinghi. Mpenzi wa rege wa Nyabugogo anaweza kucheza ngoma hiyo bila kujua kwamba asili ya jina ni mwendo wa saa chache kutoka stendi ya mabasi.

Jina linaloua hadi leo

Haya yangekuwa mambo ya kale tu kama neno hilo lingekuwa limeachwa kwenye sinema. Halikuachwa. Nchini Tanzania, hasa katika maeneo ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, na mojawapo ya dalili zinazotajwa ni macho mekundu. Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa kuni na samadi jikoni kwa miaka 50. Muuaji hakuipata dalili hiyo kwenye elimu yoyote. Aliirithi kutoka kwa wakubwa wake, na kila sinema inayomwonyesha bibi kizee mwenye macho hayo inaithibitisha.

Sheria nazo zimebaki. Kenya ina sheria ya uchawi ya mwaka 1925, Tanzania ya mwaka 1928 na Uganda ya mwaka 1957. Ile ya Uganda iliiruhusu mahakama kumpiga marufuku aliyepatikana na hatia asikanyage kijijini kwake kwa muda wa miaka. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba kumfukuza mtu namna hiyo kwenye makazi na shamba lake ni adhabu ya kikatili inayokiuka katiba, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Kilichokatazwa hapo ndicho alichofanyiwa Muhumuza mwaka 1911. Imechukua miaka 86 kwa mahakama ya nchi ile ile kusema kwamba si haki.

Wafanyabiashara wadogo wa mipakani wengi ni wanawake, na wanajua jinsi neno hilo linavyofanya kazi sokoni. Mwanamke anayeanza na kikapu cha nyanya au vitenge 3, akavuka Gatuna, Cyanika au Rusizi mara 200 kwa mwaka, na baada ya miaka kadhaa akajenga nyumba, hatakosa kusikia kwamba ana kitu. Akiwa mjane, maneno huongezeka. Akiwa mzee na hana mtoto, huwa hatari. Mwanamume aliyejenga nyumba kwa biashara ile ile husemwa kuwa ana akili.

Anayemwita hivyo huwa ana hesabu yake. Mchawi halipwi deni, hagawiwi urithi, wala hachaguliwi kuwa kiongozi wa ushirika. Anaweza kupokonywa meza yake sokoni na hakuna atakayesimama upande wake, kwa sababu kila mtu amekwisha kuiona sinema na anajua mwisho wake. Waingereza wa mwaka 1911 waligundua jambo hilo hilo: ukimwita adui yako mchawi, hulazimiki tena kujibu madai yake.

Muhumuza alikuwa na madai. Alisema kiti cha Rwanda kimeporwa, na Rucunshu kweli palimwagika damu. Alisema wageni hawana haki ya kuikata Ndorwa, na mpaka waliouchora umewagharimu jamaa na biashara mara nyingi tangu wakati huo, pamoja na miaka karibu 3 ambayo Gatuna ilifungwa kuanzia Februari 2019. Mtu anaweza kuyakataa madai yake yote na njia zake pia. Lakini ni lazima kwanza ayasikie, na hayasikiki maadamu aliyeyatoa amevalishwa kinyago cha bibi wa mlimani.

Anayepita Gatuna kuelekea Kabale anavuka nchi yake, ambayo leo imejaa mashamba ya viazi na chai.